Pete, Joho na Utumbo wa Biri

Mark Twain, mwandishi wa Kimarekani aliyefariki dunia mwaka 1910, alijulikana na marafiki zake kwa mambo mawili: kalamu nzuri na biri mbaya. Biri alizozipenda zilikuwa za bei ya chini kabisa, na wageni wake walizikwepa kama mtu anavyokwepa moshi wa kuni mbichi. Katika insha yake kuhusu tumbaku anasimulia kwamba aliwahi kuwaalika marafiki 12 kwa chakula cha usiku. Mmoja wao alikuwa na sifa ya kuvuta biri za fahari, za senti 40 kila moja, zenye pete za karatasi nyekundu na dhahabu. Twain alikwenda nyumbani kwake, akachota biri hizo bila ya mwenyewe kuona, akazivua pete, kisha akazitia katika sanduku la biri zake rahisi. Baada ya chakula akalipitisha sanduku. Wageni walivuta kwa kujilazimisha, kila mmoja akatafuta udhuru, wakaondoka. Asubuhi yake biri zilionekana zimetupwa njiani, baina ya mlango wa nyumba na lango la nje. Biri moja tu haikufika nje: ilibaki katika sahani ya yule tajiri, ambaye hakuweza kuvuta zaidi ya pumzi mbili za mali yake mwenyewe.

Wahenga wa pwani walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kisa cha Twain kinaugeuza mkakasi huo juu chini. Kitu kizuri kilivuliwa nguo, na waliodhani ni wajuzi wakakiona kuwa ni kibaya. Swali linalotoka humo ni kongwe kuliko Twain, nalo ni la kila mtu mwenye mfuko mwepesi: ikiwa bei na pambo haviaminiki, ubora hujulikana kwa nini? Historia ya biri ina jibu lake, na jibu hilo halikutunzwa na matajiri.

Biri inayozungumzwa hapa si ile bidi ndogo ya Kihindi iliyokipa Kiswahili neno lenyewe. Ni ile nene, iliyosokotwa kwa majani ya tumbaku tangu kiini hadi ngozi, pasipo karatasi. Mwaka 1492 watu wawili wa Christopher Columbus, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, waliwakuta wenyeji wa Kuba wakivuta majani yaliyoviringwa namna hiyo. Tangu hapo umbo limebadilika kidogo tu. Biri ina sehemu tatu, na Wakuba wamezipa majina ya kuvutia. Majani ya ndani huitwa kwa neno lenye maana ya utumbo. Jani linaloufunga utumbo huo huitwa koti. Jani la nje, laini na zuri kuliko yote, huitwa joho. Katika utumbo huchanganywa jani linalosaidia moto kushika, jani la harufu, na jani la ukali. Majani yote hukaushwa, kisha hurundikwa na kuvundikwa, kama ndizi zinavyovundikwa, mpaka ukali wa ubichi utoke. Tumbaku isiyovundikwa vya kutosha huwasha ulimi na koo, hata ikivishwa joho la kifalme.

Aliyeyajua hayo kwa vidole alikuwa msokotaji, na msokotaji alikuwa maskini. Hata hivyo, katika karakana za Kuba na za Florida palikuwa na desturi ya kumpa mfanyakazi biri chache kila siku kwa matumizi yake. Kwa hivyo mtu asiyeweza kununua hata sanduku moja la biri bora alivuta zilizo sawa na za mawaziri, na alijua kwa nini ni bora.

Elimu yake haikuishia vidoleni. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wasokotaji walianza kumweka mtu awasomee kwa sauti wakati wa kazi. Mwaka huo huo Saturnino Martínez, msokotaji aliyekuwa mshairi pia, alianzisha gazeti la wafanyakazi, La Aurora. Watawala wa Kihispania waliona hatari, wakaupiga marufuku usomaji mwaka 1866. Lakini desturi haikufa. Ilivuka bahari pamoja na Wakuba waliohamia Florida, ikastawi katika mtaa wa Ybor City mjini Tampa. Huko wafanyakazi walimlipa msomaji kwa michango yao wenyewe. Asubuhi aliwasomea magazeti, na baadaye riwaya. José Martí, mshairi na mpigania uhuru, alipokwenda Tampa mwezi Novemba 1891 kutafuta nguvu za kuikomboa Kuba, aliwakuta watu ambao masikio yao yalikuwa yamekwisha kulimwa. Mwaka 1935, ilipoanzishwa biri ya Montecristo, jina lake lilitoka katika riwaya ya Alexandre Dumas, mwandishi aliyependwa sana na wasikilizaji wa karakana.

Upande wa mnunuzi mambo yalikuwa mengine. Yeye hakuwahi kukaa kwenye benchi la msokotaji, kwa hivyo alihitaji alama. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Havana walianza kuzivisha biri pete za karatasi ili kuzitenga na za bandia, na mwaka 1912 serikali ya Kuba ikatunga sheria ya muhuri wa kubandikwa masandukuni. Lakini alama inayoweza kuchapwa huweza kuigizwa, na tangu siku ya kwanza pete ilifanya kazi mbili: kumlinda mnunuzi na kumpumbaza.

Nchini Marekani alama ilibeba jambo zito zaidi. Katika miaka ya 1870 wasokotaji wazungu wa San Francisco walibandika karatasi nyeupe katika masanduku yao, na maana yake ilikuwa kwamba biri zile hazikuguswa na mkono wa Mchina. Mwaka 1880 chama cha wasokotaji kilianza kutumia karatasi ya buluu kwa nchi nzima, kuonesha kwamba biri zimetengenezwa na wanachama wanaolipwa ujira wa haki. Karatasi hiyo ilimfundisha mnunuzi kuuliza kazi imefanywaje na kwa ujira gani. Nyeupe iliyotangulia ilimfundisha kuchukia. Zote mbili hazikusema lolote kuhusu jani.

Kisha ikaja zama ya senti 5. Thomas Marshall, makamu wa rais wa Marekani kutoka mwaka 1913 hadi 1921, amebaki katika kumbukumbu za watu kwa mzaha mmoja: kwamba kinachohitajiwa na nchi ni biri nzuri ya senti 5. Mzaha ule ulicheka ugumu wa kweli, kwa kuwa bei za vitu zilikuwa zimepanda, na ujira wa mkono wa msokotaji haukuweza kutoshea tena ndani ya senti 5. Jibu likawa mashine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1910 ilipatikana mashine iliyohudumiwa na wanawake wanne: wa kulisha utumbo, wa kutandika koti, wa kutandika joho, na wa kukagua. Ujira wao ulikuwa mdogo, na mafundi wengi walikosa kazi.

Matangazo yalimaliza kilichobaki. Mwaka 1929 waliouza biri za Cremo, za senti 5 na za mashine, walitangaza kwa kishindo kwamba biri za mkono hufungwa kwa mate ya msokotaji. Hapo mkono, uliokuwa dhamana ya ubora, uligeuzwa kuwa uchafu. Mwaka 1931 wenye viwanda wa Tampa waliwaondoa wasomaji. Wafanyakazi waligoma, wakashindwa, na mahali pa msomaji pakawekwa redio. Katikati ya miaka ya 1950 hata koti la biri rahisi halikuwa tena jani. Tumbaku ilisagwa, ikakandwa, ikatandazwa kama karatasi. Mnunuzi alipata bei aliyoitaka. Wahenga walikwisha kuonya kwamba rahisi huvunja upishi.

Je, maskini alibaki kuchagua baina ya karatasi hiyo na fahari asiyoiweza? Siasa ilifungua mlango wa tatu. Mwezi Februari 1962 Rais John Kennedy alizuia bidhaa za Kuba kuingia Marekani. Katibu wake wa habari, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba usiku wa kuamkia kutiwa saini aliagizwa atafute biri 1,000 za Kikuba, akapata 1,200, na hapo ndipo rais akatia saini. Mkubwa aliweka akiba yake kwanza. Wadogo walikosa biri, lakini hawakukosa mafundi, kwani viwanda vya Kuba vilikuwa vimetaifishwa mwaka 1960 na wengi wa wenye ujuzi walikuwa wamehama.

Mmoja wao, José Orlando Padrón, alianza mjini Miami mwaka 1964 kwa dola 600, akiba aliyoipata kwa useremala wa nyundo moja. Wateja wake wa kwanza walikuwa Wakuba wenzake, watu wa kazi za mikono, waliotaka ladha ya nyumbani kwa bei ya ugenini. Wengine walipanda mbegu na kufungua karakana katika Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nikaragua. Kutoka huko zilikuja biri za fungu, zilizofungwa pamoja kwa karatasi ya nailoni, bila ya sanduku wala pete. Baadhi yake zilikataliwa kwa sababu ya rangi tu: joho lina doa, au halilingani na la jirani yake. Utumbo ulikuwa ule ule. Katika fungu hilo lisilo na jina kisa cha Twain kilirudi, safari hii kwa faida ya mnunuzi.

Wasiojua waliendelea kulipa. Mwaka 1992 jarida la Cigar Aficionado lilizinduliwa mjini New York, na kwa miaka mitano biri ikawa taji la matajiri wapya wa Marekani. Viwanda vilizuka kila pembe, tumbaku ikasokotwa kabla ya kuiva, bei ikapanda na ubora ukashuka kwa wakati mmoja. Kufikia 1998 maghala yalijaa biri zisizo na mtu. Mwaka 2022 bei za Cohiba, fahari ya Kuba, zilipandishwa duniani kote kwa kiasi kikubwa, ilhali jani halikubadilika kwa siku moja.

Mvutaji wa mfuko mwepesi aliyesomeshwa na historia hii hununua moja kabla ya kununua fungu. Huibonyeza taratibu tangu mguu hadi kichwa, akitafuta pale palipo laini au pagumu kupita kiasi. Hulitazama joho kama lina mafuta kidogo na mishipa myembamba. Huuliza kama utumbo ni majani marefu au makombo. Huchagua nyembamba na fupi ya tumbaku nzuri kabla ya nene ya tumbaku mbaya, na huihifadhi penye unyevu wa kiasi, kwa sababu biri bora iliyokauka haina thamani. Jambo moja halipimwi kwa kidole. Ripoti ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ya mwaka 1998 ilieleza kwamba biri huleta saratani ya kinywa, koo na umio, hata kwa asiyemeza moshi. Deni hilo ni moja kwa ya senti 5 na kwa ya Cohiba, na hakuna fungu linalolipunguza.

Nchini Kuba sauti ya msomaji haikuzimwa na redio. Mwaka 2012 usomaji wa viwandani ulitangazwa kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Wanaousikiliza, vidole vikiwa kazini, ndio wanaoijua biri kabla haijavishwa pete.