HEKALU LISILOJENGWA KIOMBOI: Mzee, daftari na alama ya mlangoni

Jumamosi moja asubuhi, jua la Dar likiwa bado halijakolea, watu tisa walikuwa wamesimama peku mbele ya mlango wa hekalu la Kihindu, mtaa wa Kisutu. Viatu vyao vilikuwa vimepangwa pembeni: raba, kandambili, na jozi moja ya viatu vyeusi vilivyopigwa kiwi mpaka vinang'aa. Hivyo vya kiwi vilikuwa vya mwalimu mstaafu kutoka Kiomboi, wilayani Iramba, mkoani Singida. Alikuja mjini kumwona binti yake, na binti akaona mzee asikae ndani tu kuangalia taarifa ya habari. Akamlipia matembezi ya miguu ya nusu siku, kuzunguka mahekalu ya katikati ya jiji.

Dada aliyekuwa anawaongoza alikuwa anaeleza masharti ya kuingia. Mabega yafunikwe. Mikanda na mikoba ya ngozi ibaki nje pale wenyeji wanapotaka hivyo. Picha hazipigwi mpaka uombe. Wote walikuwa wanamsikiliza yeye, isipokuwa mwalimu, ambaye macho yalikuwa yameganda juu ya mlango. Pale palichorwa msalaba wenye ncha zilizokunjwa.

"Mwanangu, samahani," akasema. "Hivi hawa nao walikuwa watu wa Hitler?"

Kijana mmoja akacheka. Dada yule hakucheka.

"Hapana, mwalimu. Hii inaitwa swastika. Maana yake ni heri, baraka. Wahindu, Wabudha na Wajaini wameitumia kwa maelfu ya miaka. Chama cha Hitler kiliichukua mwaka 1920. Hawa hawakuiiga kwake."

Mzee akanyamaza. Aliyekuwa karibu naye anasema alishika fremu ya mlango kama mtu aliyepatwa kizunguzungu. Baadaye, kwenye maji ya madafu, ndipo alipoeleza kwa nini. Lakini ili kisa chake kieleweke, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Mhindi si lazima awe Mhindu

Kwetu mtu yeyote mwenye asili ya Bara Hindi huitwa Mhindi, basi imeisha. Ila wazee wa zamani walikuwa na maneno zaidi. Mhindu walimwita Baniani. Singasinga, au Kalasinga, alikuwa mwenye kilemba na ndevu, mara nyingi fundi. Mgoa alikuwa Mkristo kutoka Goa. Halafu kulikuwa na Waislamu: Ismailia, Bohora, Ithnaasheri. Wote walishuka kwenye majahazi yaleyale, lakini kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya ibada. Ndiyo maana ukitembea katikati ya Dar au Mji Mkongwe Zanzibar, ndani ya dakika chache unapita msikiti, jamatini, kanisa na hekalu.

Wengi hudhani Wahindi wote waliletwa kujenga reli. Kwa Kenya na Uganda kuna ukweli mkubwa: kati ya 1896 na 1901, zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria. Kwa upande wetu habari ni nyingine. Mabaniani walikuwepo Zanzibar muda mrefu kabla ya reli yoyote. Walitoka Kutch na Gujarati, wakasukumwa na upepo wa kaskazi na kurudishwa na kusi. Katika karne ya 19, kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu kutoka Kutch, ndiyo iliyokusanya ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi. Pembe za ndovu zilizotoka bara kupitia Unyamwezi na Ugogo zilihesabiwa mezani kwa watu wake.

Wale wa mwanzo wengi walikuja bila wake zao. Kuvuka bahari kulikuwa na mwiko kwa Wahindu wa matabaka ya juu, na mwanaume alitegemewa kurudi kwao baada ya miaka kadhaa. Wanawake walianza kuja kwa wingi baadaye, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Familia zikakaa, watoto wakazaliwa hapa, na mahitaji ya ndoa, mazishi na sikukuu yakaongezeka. Ukisimama Hurumzi pale Mji Mkongwe, mbele ya hekalu la Shiv Shakti, au ukishuka Kisutu, unaona matokeo yake: watu walioamua kubaki.

Duka la Kiomboi

Sasa twende bara. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Walioijenga kwa wingi walikuwa Waafrika. Lakini nyuma ya reli yalifuata maduka, na kutoka kwenye stesheni kama Manyoni maduka yakapanda kaskazini hadi Singida, Iramba na kwingineko.

Kiomboi ilikuwa makao makuu ya wilaya. Kulikuwa na wamisheni wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani, waliojulikana kwa kanisa na hospitali. Kulikuwa na Waislamu na msikiti wao. Na kulikuwa na maduka ya Wahindi: baraza la saruji, paa la bati, cherehani nje, mafuta ya taa, kaniki, chumvi, majembe.

Hekalu halikuwepo. Familia za Kihindu zilikuwa chache mno kujenga hekalu na kumtunza mhudumu wake. Kwa Wahindu hilo halizuii ibada. Karibu kila nyumba ina mahali padogo pa kuabudia, pengine kabati tu, pengine rafu ya ukutani yenye picha ya mungu, taa ya shaba, ubani na maua. Mama wa nyumba huwasha taa asubuhi na jioni. Kwa hiyo ukumbi wa ibada wa Kiomboi ulikuwa nyuma ya duka, mlango mmoja baada ya magunia ya sukari.

Mwalimu anakumbuka alivyokuwa akitumwa mafuta ya taa akiwa mtoto. Anakumbuka kengele ndogo ikilia nyuma ya pazia, na harufu ambayo haikuwa ya jikoni. Watoto walisimuliana mambo ya kutisha kuhusu chumba kile. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia.

Ila kulikuwa na usiku mmoja kwa mwaka ambao ibada ilitoka nje. Ni Diwali, usiku usio na mwezi wa Oktoba au Novemba. Vitaa vilipangwa barazani. Iramba wakati huo ni wa vumbi, watu wanaangalia mawingu wakisubiri mvua za kwanza. "Mama alikuwa anasema, taa za Mhindi zikiwaka, noa jembe," mwalimu alieleza.

Kwa wafanyabiashara wa Kigujarati, Diwali ndiyo mwisho wa mwaka wa hesabu. Madaftari ya zamani hufungwa, mapya hufunguliwa kwa ibada. Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya huandikwa maneno ya heri na kuchorwa alama. Alama yenyewe ni ileile ya mlangoni Kisutu.

Yaani daftari la madeni, lile ambalo nusu ya Kiomboi walikuwa wameandikwa humo, lilikuwa limeombewa.

Kilichotokea mwaka 1976

Azimio la Arusha lilitangazwa 1967. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Maduka ya bati ya wilayani hayakuwa ya thamani hiyo, lakini ujumbe ulifika. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Wahindi Uganda. Halafu 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kupisha maduka ya ujamaa. Tuwe wakweli: wapo waliofurahi. Bei za duka la Mhindi zilikuwa zinauma, na deni lake halikuwa linasahaulika. Waswahili hawakutunga bure ule msemo wa Baniani mbaya kiatu chake dawa.

Familia moja baada ya nyingine ilifunga. Wengine walihamia Dar, wengine Uingereza, wengine Canada. Rafu za ibada zilibebwa pamoja na masufuria.

Yule mwenye duka wa Kiomboi alimpenda baba yake mwalimu. Baba alikuwa mshonaji pale barazani, na sare za shule za mtoto wake zilichukuliwa kwa mkopo miaka yote. Siku ya kuondoka, mwenye duka alimwita, akampa daftari moja la zamani. Majina ya watu yamo, tarakimu zimo, na kurasa zote zimekatwa kwa mstari mwekundu. Madeni yamefutwa. Akamwambia alitunze, kesho na keshokutwa asije mtu mwingine akamdai yeyote.

Mwalimu wakati huo alikuwa kijana, ametoka chuo cha ualimu, kichwani amejaa historia ya Vita Kuu ya Pili. Siku aliyolikuta lile daftari kwenye sanduku la baba yake, alifungua ukurasa wa kwanza, akaiona alama.

"Nilijua naficha aibu ya familia," alisema pale kwenye madafu. "Nilisubiri mzee aende shamba. Nikalichoma jikoni."

Dada muongozaji hakujua aseme nini. Akasema tu, "Pole, mwalimu."

Kilichopotea ni nini hasa?

Mtu anaweza kusema, ah, daftari la madeni, limechomwa limechomwa. Lakini hebu fikiria. Nani alinunua jembe mwaka gani. Mwaka upi watu walikopa chumvi tu kwa sababu mvua ilikataa. Nani alipeleka mtoto shule na kwa gharama ipi. Majina ya kina mama wa Kiomboi ambao hawako kwenye kumbukumbu yoyote ya serikali wala ya kanisa, yameandikwa na mkono wa Kigujarati chini ya alama ya heri.

Hapo ndipo matembezi haya ya mijini yanapokuwa na upungufu wake. Yanakuonyesha mahekalu yaliyobaki, na yaliyobaki ni yale yaliyokuwa na jumuiya kubwa ya kuyalinda. Ukimaliza Kisutu unaondoka ukidhani Uhindu nchini ulikuwa ni mambo ya jijini. Kumbe uliwahi kuwashwa kila jioni Kiomboi, Kondoa, Nzega na miji mingine midogo, na haukuacha hata tofali. Umebaki kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka.

Mti wa Upanga

Kituo cha mwisho kilikuwa Upanga, kwenye hekalu la Kibudha. Hili lina historia fupi na ya kushangaza. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwepo Dar Wasinhala kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Wakaunda chama chao, na mwaka 1920 wakapata kiwanja. Hekalu hilo hutajwa kuwa la kwanza la Kibudha barani Afrika. Mwaka huohuo ambao alama ile ilichukuliwa Ulaya kwa shari, watu wachache Dar walikuwa wanatafuta pa kuisomea sala ya amani.

Uani kuna mti wa Bodhi. Ni aina ya mti ambao Buddha alikaa chini yake akapata mwanga, na kule Anuradhapura, Sri Lanka, upo mmoja uliopandwa karne ya 3 kabla ya Kristo ambao bado unatunzwa. Majani yake yana umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia. Hayachumwi ovyo, unaokota lililodondoka.

Dada aliwaambia kwamba hapa, kama kwenye mahekalu ya Kihindu, kutembea kwenyewe ni ibada. Unazunguka patakatifu pakiwa mkono wako wa kulia, taratibu, bila kupiga soga. Waliotaka wakazunguka. Waliobaki wakakaa kivulini.

Mwalimu aliuchunguza mti kwa muda. Akaangalia vitunda vidogo vilivyoshikana na matawi. "Huu si ndugu wa mkuyu?" akauliza. Ni kweli, wote ni wa ukoo mmoja. Na Iramba, kama sehemu nyingi za nchi hii, wazee walikuwa na miti yao mikubwa ya tambiko, hasa mvua ikichelewa. Mti haukatwi, na chini yake mtu haongei ovyo.

Naye akavua viatu vyake vya kiwi kwa mara ya pili siku hiyo. Akazunguka mara moja, mkono wa kulia, kimya. Yeye ni Mlutheri na ataendelea kuwa Mlutheri. Alipoulizwa na binti yake jioni kwa nini alizunguka, alijibu kwamba alikuwa anaomba radhi, na hakujua mahali pengine pa kuombea.

Amesharudi Kiomboi. Habari zilizofika ni kwamba amenunua kaunta buku, na kila baada ya ibada ya Jumapili anakaa na wazee wenzake wachache. Wanataja majina: nani alikuwa na duka wapi, nani alishona barazani, nani alikopa nini. Wajukuu wanaandika. Siku nyingine anawatembeza kwa miguu, kutoka kanisani hadi hospitali, hospitali hadi msikitini, na kumalizia mbele ya baraza moja la saruji lililopasuka ambalo leo wanauza vocha.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku hiyo, juu kabisa, kabla ya jina lolote, ameandika neno moja kwa mkono wake: Heri.

Wadau, mji wenu je? Duka la zamani liko wapi, na nani bado anakumbuka taa ziliwaka usiku gani? Muulizeni leo, kabla hajaondoka.