Kosa la Mmoja na Nyumba Nzima

Wahenga walinena: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo yafaa sokoni, mahakamani haifai. Ufaransa ilijifunza hayo kati ya mwaka 2009 na 2013, ilipotaka kulinda kazi za watunzi kwa kuzikatia intaneti nyumba zilizoshutumiwa kuzinakili bila ya idhini.

Sheria ya kwanza iliunda mamlaka iliyoitwa Hadopi. Mwenye nyumba angeonywa mara mbili. Ya tatu, mamlaka ingeweza kumkatia pasi na hakimu. Tarehe 10 Juni 2009 Baraza la Katiba lilikataa. Likirejea Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1789, lilisema kwamba uhuru wa kupashana fikra siku hizi hupitia intaneti pia, na kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitike. Sheria ya pili, ya Oktoba mwaka huo, ikamwachia hakimu uamuzi wa kukata.

Ila moja ilibaki: aliyeadhibiwa si lazima awe ndiye aliyenakili, bali mwenye jina katika mkataba. Septemba 2012 mahakama ya Belfort ilimtoza fundi mmoja faini ya euro 150, ingawa mkewe alikiri kuwa ndiye aliyezichukua nyimbo. Kosa la mume lilikuwa kutoilinda njia yake. Juni 2013 mtu mwingine akahukumiwa kukatiwa siku 15. Julai, serikali ikaifuta adhabu hiyo.

Jambo hilo na lipimwe kwa nyumba za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Watu wa huko wanaijua thamani ya habari. Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Redio Kwizera, iwahudumie wakimbizi na wenyeji. Leo habari hupitia simu pia. Laini husajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mmoja, lakini simu yenyewe huzunguka: mtoto husomea, mama hupokelea fedha, kijana husikilizia nyimbo. Kumkatia mwenye vidole ni kuwakatia wote.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo imeufanya uvunjaji wa haki hizo kwa kompyuta kuwa jinai. Na jinai hutaka ushahidi, hutaka mshitakiwa asikilizwe.

Wapenda ushairi wana sababu ya kutoharakisha shutuma. Tungo za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zimetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua na wengine walizihifadhi na kuzinakili. Mtunzi apewe haki yake, na mwizi ahukumiwe kwa jina lake. Aliyelala chumba cha pili asiamke amefungiwa mlango.