Mto Mmoja, Sheria Mbili

Hapo ulipo ni Kilambo. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Mpaka huu ulichorwa Ulaya mwaka 1886, na ndugu walioishi huku na huku wakajikuta chini ya sheria tofauti.

Upande huu, amri ya Wajerumani ya 1904 iliwaacha watumwa utumwani ila ikawapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya 1905. Mama mtumwa, mtoto huru! Waingereza ndio waliofuta utumwa kisheria Tanganyika, mwaka 1922.

Ng'ambo mambo yaligeuka vingine. Kionga, karibu na mlango wa mto, ilitwaliwa na Wajerumani 1894, kisha na Wareno 1916. Sheria ya Ureno iliwagawa watu mafungu mawili: raia, na "wenyeji". Mwenyeji hakuwa raia katika nchi yake mwenyewe. Ili awe raia, ilimpasa kuthibitisha kwamba "amestaarabika", na Kireno kilikuwa sehemu ya mtihani huo. Asiyeweza kuonyesha kazi iliyokubalika alichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi barabarani au mashambani: hiyo ndiyo chibalo. Wamakonde wengi walivuka mto huu kuikimbia, wengine wakaishia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Lakini kodi waliyoiacha kule waliikuta huku pia.

Ureno iliufuta mgawanyo huo wa raia na "wenyeji" Septemba 1961. Kufikia hapo damu ilikuwa imekwisha kumwagika Mueda, ng'ambo ya mto, askari wa Ureno walipowapiga risasi waandamanaji tarehe 16 Juni 1960.