Ulinganifu wa Namba katika Python

Ulinganifu wa namba ni sifa ya lugha ya programu ambayo kwayo hesabu moja hutoa jibu lilelile katika kila kompyuta, iwe inatumia Windows, Linux au mfumo mwingine wa uendeshaji. Python, lugha ya skripti iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa mwaka 1991, haikuzaliwa na sifa hiyo, kwa kuwa programu kuu inayosoma na kutekeleza maagizo yake imeandikwa kwa lugha ya C, ambayo vipimo vya namba zake hubadilika kutoka mfumo mmoja hadi mwingine.

Tofauti ilionekana kwanza katika namba nzima, yaani zisizo na desimali. Aina ya C iitwayo “long” ina biti 64 katika Linux ya biti 64, lakini biti 32 tu katika Windows ya daraja hilohilo, hivyo kikomo cha namba za kawaida za Python kilikuwa 2147483647 katika Windows na kikubwa mno katika Linux. Kabla ya toleo la 2.2, hesabu iliyovuka kikomo ilikatizwa kwa ujumbe wa kosa. Muungano wa namba hizo na aina ya pili ya namba nzima za Python, isiyo na kikomo, ulipendekezwa mwaka 2001 katika waraka wa PEP 237, na ukakamilika katika Python 3.0 mwaka 2008. Gharama yake ni kasi iliyopungua, na ni gharama inayostahili kulipwa.

Namba zenye desimali zilikuwa na mkanganyiko wa aina nyingine. Karibu kompyuta zote za leo huzihifadhi kwa biti 64 kwa kufuata kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ila kuzigeuza kuwa maandishi kuliachiwa maktaba ya C ya kila mfumo, ndiyo maana namba isiyo na mwisho iliandikwa “inf” katika Linux na “1.#INF” katika Windows hadi toleo la 2.6 lilipozifanya zote “inf”. Python 3.1 ya mwaka 2009 ilichukua msimbo wa David Gay, unaochagua tarakimu chache kabisa zinazotosha kurudisha thamani ileile, na 0.10000000000000001 ya zamani ikawa 0.1. Hata hivyo 0.1 + 0.2 bado hutoa 0.30000000000000004, jambo ambalo kwalo wanafunzi huilaumu Python bure, kwani chanzo chake ni kwamba sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa namba wa msingi wa mbili.

Ulinganifu huo una mipaka. Moduli ya “struct”, inayopanga namba katika baiti za faili, hufuata vipimo vya kompyuta husika isipokuwa mwandishi ameweka alama kama “<” mbele ya mpangilio, na vitendo kama sini na kosini bado hutegemea maktaba ya C, hivyo tarakimu ya mwisho huweza kutofautiana, kwa sababu hiyo majaribio ya programu hulinganisha majibu kwa “math.isclose”, iliyoongezwa katika toleo la 3.5, badala ya kudai usawa kamili.