Sumu ya wachenjuaji ilivyofichua moto wa uhai

MKWAJUNI, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ni mji wenye jina la mti. Mkwaju huvumilia ukame, na mchana kutwa majani yake madogo hunasa mwanga wa jua na kuuhifadhi ndani ya sukari. Lakini wageni wengi wanaoshuka hapa na mabegi yao hawafuati ukwaju. Wanafuata dhahabu.

Ukikaribia eneo la uchenjuaji, masikio hutangulia kufika. Karasha linanguruma, vumbi linatimka, jiwe lililotolewa kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, linageuka unga. Unga unaoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, na mchanga unaobaki, ambao wachimbaji huuita marudio, hurundikwa ukisubiri awamu ya pili. Awamu hiyo ni ya sayanaidi. Marudio hujazwa kwenye tangi kubwa, maji yenye sayanaidi hupitishwa ndani yake kwa siku kadhaa, na dhahabu ambayo jicho haliwezi kuiona huyeyuka, ikasafiri na maji mpaka kwenye kaboni inayoinasa.

Kando ya tangi hapakosi mifuko ya chokaa. Chokaa ndiyo mlinzi. Ikipungua na maji yakawa na tindikali, sayanaidi hupaa ikawa hewa, na hewa hiyo ikivutwa kwa wingi huua mtu ndani ya dakika chache.

Kwa nini inaua haraka hivyo, na mapafu ya mtu ni mazima, moyo wake ni mzima, na hewa safi imejaa kote? Swali hilo liliwachukua wanasayansi karibu miaka 150 kulijibu. Jibu lao ni sehemu ya historia kubwa zaidi: historia ya jinsi binadamu alivyotambua mahali ambapo mwili unapata nguvu zake.

Dhahabu ya Lupa na hati ya Glasgow

Ukanda wa dhahabu wa Lupa, unaojumuisha Chunya na Songwe ya leo, ulianza kuvuta watafutaji katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 ukafurika watu. Mgodi wa Saza ulianza kuzalisha mwaka 1939 na ukafungwa mwaka 1956. Zama zikapita. Mwaka 2012 mgodi wa New Luika ulianza kuzalisha katika ukanda huohuo, na mwaka 2016, Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, Mkwajuni ikawa makao makuu ya wilaya mpya iliyotoka Chunya.

Njia ya kuyeyusha dhahabu kwa sayanaidi ilisajiliwa mwaka 1887 mjini Glasgow, Uskoti, na mkemia John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest. Mwaka 1890 ilikwisha kuanza kutumika Afrika Kusini, na baadaye ikaenea duniani. Siri yake ni kwamba sayanaidi huing'ang'ania metali. Ikikutana na chembe ya dhahabu, huikumbatia na kuitoa ndani ya mchanga. Msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu ndilo linalotupeleka ndani ya mwili.

Simbilisi kwenye barafu

Majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, mjini Paris, mkemia Antoine Lavoisier na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Ni mnyama yuleyule anayefugwa jikoni katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Walipima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake, wakapima na hewa ya ukaa aliyoitoa. Kisha wakalinganisha na mkaa unaowaka. Hesabu zilikaribiana. Wakatamka neno zito: kupumua ni kuungua polepole.

Walikuwa sahihi kuhusu moto, ila walikosea jiko. Lavoisier alidhani moto huo unawaka mapafuni. Alikatwa kichwa Mei 1794 katika Mapinduzi ya Ufaransa, na ilibidi wengine wamalizie kazi. Katika karne ya 19 watafiti, akiwamo Mjerumani Eduard Pflüger, walionyesha kwamba mapafu ni mlango tu. Oksijeni huchukuliwa na damu na kutumika ndani ya misuli, ini, ubongo na kila kiungo, yaani ndani ya seli zenyewe.

Mwaka 1782 huohuo, huko Sweden, mkemia Carl Wilhelm Scheele alitenga asidi yenye sumu kali kutoka katika rangi ya bluu iliyopendwa na wachoraji. Rangi hiyo ilikuwa na chuma kilichoshikana na sayanaidi. Moto wa uhai na sumu inayouzima viliingia katika maandishi ya sayansi karibu wakati mmoja, na hakuna aliyejua kwamba siku moja vingekutana.

Hamira inayotikiswa

Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akakamua maji yake, akaona maji hayo yanachachusha sukari ingawa seli zimekwisha kufa. Anayeandaa togwa au pombe ya ulezi anaifahamu nguvu hiyo kwa povu lake. Buchner alithibitisha kwamba kazi hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Kuanzia hapo uhai ulianza kuchunguzwa kwenye chupa.

Otto Warburg wa Berlin ndiye aliyeishika sayanaidi na kuifanya taa ya uchunguzi. Aliona kwamba kiasi kidogo mno cha sumu hiyo kinasimamisha seli kutumia oksijeni. Akasema pana kimeng'enya chenye chuma, na sayanaidi inakaa juu ya chuma hicho. Kazi yake ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1931.

Aliyeona jambo hilo kwa macho alikuwa David Keilin wa Cambridge, mtaalamu wa vimelea aliyezaliwa mwaka 1887, mwaka uleule wa hati ya Glasgow. Alikuwa anachunguza nzi ambaye funza wake huishi tumboni mwa farasi. Alipopitisha mwanga kwenye misuli ya wadudu na kuutazama kwa kifaa kinachotenganisha rangi, aliona mistari minne ya giza. Akaiona mistari ileile katika hamira. Alipotikisa chupa ya hamira hewa ikaingia, mistari ikafutika. Alipoiacha itulie, hamira ikamaliza oksijeni na mistari ikarudi. Kisha akaweka sayanaidi. Safari hii alitikisa, na mistari haikufutika.

Mwaka 1925 alitangaza matokeo yake na kuzipa protini hizo jina la saitokromu. Ili kuelewa alichokiona, fikiria vibarua wanaopokezana karai za zege kutoka chini hadi ghorofani. Saitokromu ndio hao vibarua. Mkono wa kila mmoja ni chuma, na karai wanalopokezana ni elektroni zilizotolewa kwenye chakula. Wa mwisho huikabidhi oksijeni, na oksijeni ikipokea hugeuka maji. Mistari ya Keilin ilionekana vibarua walipokuwa na mzigo, ikafutika walipoukabidhi. Sayanaidi humfunga mikono yule wa mwisho. Wote wa nyuma yake husimama na karai zao, na kazi hulala.

Kwa hiyo aliyevuta hewa ya sayanaidi hakukosa oksijeni. Damu inayorudi kutoka viungoni mwake huwa bado nyekundu inayong'aa, imebeba oksijeni isiyopata pa kushuka. Anakufa kwa kiu huku amesimama majini. Tabia inayoifanya sayanaidi iifuate dhahabu ya Saza ndiyo inayoifanya ikifuate chuma cha seli.

Bwawa ndani ya seli

Bado kulikuwa na swali moja: vibarua hao wanajenga nini? Mwaka 1929 Karl Lohmann nchini Ujerumani, na pia Yellapragada Subbarow kutoka India akiwa na Cyrus Fiske nchini Marekani, waligundua kemikali inayoitwa ATP. Mwaka 1941 Fritz Lipmann alieleza kwamba hiyo ndiyo njia ambayo seli hubebea nguvu kutoka sehemu moja hadi nyingine. Misuli ikijikaza, neva ikipeleka habari, kidonda kikifunga, ATP inatumika. Kwa siku moja mtu mzima huitengeneza na kuitumia kwa kiasi kinachokaribia uzito wa mwili wake, kwa sababu ATP ileile huchajiwa tena na tena.

Mwaka 1937 Hans Krebs, Myahudi aliyekimbia utawala wa Hitler, alieleza akiwa Sheffield, Uingereza, mzunguko ambao humalizia kuvunja mabaki ya sukari na mafuta na kutoa elektroni za kupokezana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Eugene Kennedy na Albert Lehninger walionyesha kwamba shughuli hii hufanyika ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo katika seli zetu. Na mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell akatoa wazo ambalo wengi walilipinga kwa miaka: elektroni zikipokezana, nguvu yake husukuma protoni upande mmoja wa utando wa mitokondria. Protoni hurundikana kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa la Mtera, na zikirudi kwa kasi huzungusha mtambo unaofua ATP. Mitchell alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Mwaka 1997 Paul Boyer na John Walker nao walituzwa kwa kueleza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi, nao kweli huzunguka kama tabo ya umeme.

Jumla ya mambo haya yote, kuvunja chakula, kupata nguvu na kujenga mwili, ndiyo huitwa umetaboli. Tonge la ugali lililoliwa Mkwajuni asubuhi hupitia njia hiyo mpaka likawa pigo la sululu mchana.

Sumu iliyo shambani

Mtu asidhani sayanaidi ni ya wachenjuaji peke yao. Muhogo mchungu huificha ndani ya seli zake ikiwa imefungwa pamoja na sukari. Ukikatwa, ukikwaruzwa au ukitafunwa, seli hupasuka, kimeng'enya kilichokaa pembeni hukutana na kemikali hiyo, na sumu hutoka. Ndiyo silaha ya mmea dhidi ya walao.

Wazee wetu hawakuwa na kifaa cha Keilin, lakini walijua la kufanya. Waliuloweka muhogo siku tatu au zaidi mpaka ukalainika, au wakauvundika, kisha wakauanika. Seli hupasuka, sumu hutengana na sukari, nyingine huondoka na maji na nyingine hupaa, kwa kuwa hewa ya sayanaidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu.

Njaa ndiyo iliyovunja utaratibu huo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika kutoka Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji, kuhusu konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili ghafla na kwa kudumu. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 waliugua Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ugonjwa huo ukafika Tarime. Mtanzania Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na William Howlett, Hans Rosling na wenzao, walifuatilia na mwaka 1990 wakachapisha matokeo: familia zilikuwa zimekula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, bila vyakula vya protini. Huko Masasi pia, mwishoni mwa miaka ya 1980, njia za mkato za kutengeneza unga zilileta watu hospitali wakiwa wamedhurika na sayanaidi.

Protini inahusikaje? Mwili una njia yake ya kuivunja nguvu sayanaidi kwa kuifunga na salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini za dagaa, samaki, maharage na nyama. Dawa za hospitali zilizoanza miaka ya 1930 zinafuata njia hiyohiyo: moja huivuta sumu kutoka kwenye seli, nyingine huupa mwili salfa ya kuifunga.

Tunachopaswa kufanya

Historia hii ina maana zaidi kwa watu wa Songwe kuliko kwa wasomaji wengi. Mchenjuaji, pima uchachu wa maji kabla ya kuongeza sayanaidi, usiache chokaa ipungue, usiweke tindikali karibu na tangi, na maji yako yasifike mtoni wala kwenye malambo ya mifugo. Mwenzako akianguka kando ya tangi usimkimbilie bila kinga, kwa maana hewa iliyomwangusha bado ipo.

Mama na baba wenye unga wa muhogo mchungu, mkiutilia shaka uchanganyeni na maji, muutandaze tabaka jembamba kwa saa mbili juani au tano kivulini kabla ya kusonga. Njia hiyo ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia na haigharimu chochote. Tena ugali wa muhogo usiliwe siku nenda siku rudi bila dagaa au maharage.

Nanyi walimu wa sayansi wa Mkwajuni, Galula na Saza, mna somo la umetaboli mlangoni mwenu. Wapeni wanafunzi hamira, sukari na maji ya uvuguvugu ndani ya chupa, puto likiwa limevishwa mdomoni mwa chupa, walione likivimba. Kisha waelezeni kwamba ndani ya kila mmoja wao kuna mkono mdogo wa chuma unaoikabidhi oksijeni mzigo wake wa mwisho. Mkono huo ukifungwa, dhahabu yote ya Lupa haiwezi kuununulia mwili dakika kumi za uhai.