Imamu, Daftari na Mlinzi wa Usiku: Jinsi Mtaa Ulivyoendeshwa Istanbul



Nikuulize jambo moja kabla hatujafika mbali: mtaani kwenu nani anawaamsha daku? Kwetu alikuwa mzee mlinzi wa geti. Saa tisa na nusu usiku utamsikia anagonga debe kwa fimbo yake, nyumba baada ya nyumba, na ukichelewa kuwasha taa anarudi. Sasa hayuko. Aliondoka kwa sababu hakulipwa miezi miwili, na hakulipwa kwa sababu jumuiya ya wenye nyumba iliyomwajiri ilikuwa ishavunjika. Siku hizi tunaamshwa na simu, na simu ukiizima hairudi.

Babangu ndiye aliyekuwa mweka hazina wa jumuiya ile. Nyumba 34, kila moja shilingi 500 kwa mwezi: mshahara wa mlinzi, kuzoa taka, na taa mbili za njiani. Mwezi mmoja pampu ya kisima ikaharibika, fundi akalipwa bila risiti, na kwenye kikao mtu akasimama akasema maneno ambayo sitayaandika hapa kwa heshima ya mwezi huu. Babangu akaweka daftari mezani akatoka. Mpaka leo wako watu wawili wanaoswali safu moja na salamu hawapeani ila kwa shida.

Basi nilipoambiwa chuo kikuu nichague mada ya insha ya historia, wenzangu walikimbilia vita na masultani. Mimi nilitaka kujua Waislamu wa zamani waliuendeshaje mtaa. Nani alishika pesa? Nani alimlipa mlinzi? Na wakigombana walikwenda wapi? Nilipotafuta nikaipata Istanbul, mji wa Waturuki wa Kiothmani. Na usidhani hawa ni watu wa mbali kabisa na sisi. Amir Ali Bey alifika pwani hii mwaka 1585, akarudi tena, na mwaka 1589 Wareno wakamkamata hapa hapa Mombasa.

Sultan Mehmed wa Pili alipouteka mji ule mwaka 1453, aliukuta umepungua watu sana. Akahamisha familia kutoka pande mbalimbali za dola yake ili wakaujaze. Mawaziri, wafanyabiashara, hata mafundi wa kawaida wakajenga misikiti midogo, na kila msikiti ukazungukwa na nyumba. Hivyo ndivyo mtaa ulivyozaliwa, na mara nyingi ukaitwa kwa jina la aliyejenga msikiti. Kufikia mwaka 1546, ilipoandikwa orodha kubwa ya wakfu za mji, ndani ya kuta peke yake kulikuwa na mitaa zaidi ya 200. Waturuki wanauita mtaa mahalle. Ukilitazama vizuri, ni ndugu wa neno letu "mahali". Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu.

Sasa zingatia hili: hakukuwa na manispaa. Baraza la mji kama tunalolijua lilianza huko miaka ya 1850 tu. Kwa karne nne mtaa ulijiendesha wenyewe, na aliyeuongoza alikuwa imamu wa msikiti. Imamu yule aliwekwa kwa barua ya Sultani, kwa hivyo alikuwa mtu wa serikali na mtu wa majirani kwa wakati mmoja. Yeye ndiye aliyejua nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia. Kodi ikiletwa kwa mtaa mzima, yeye na wazee walikaa wakaigawa nyumba kwa nyumba kulingana na uwezo wa kila mtu. Na kukiwa na shauri kwa kadhi, yeye ndiye aliyekwenda na majirani kusema kwa niaba ya mtaa. Wakristo na Mayahudi nao walikuwa na mitaa yao, padri au rabi akifanya kazi ile ile, na iko mitaa walikochanganyika.

Kilichowafunga pamoja kilikuwa dhamana. Kila mtu alimdhamini jirani yake. Mgeni hakuhamia mtaani mpaka apatikane mtu wa kumdhamini, na akifanya uovu mdhamini wake aliulizwa. Wale mliosoma fiqhi mtaikumbuka qasama. Kwa madhehebu ya Hanafi, waliyoyafuata Waothmani, maiti akikutwa mtaani ameuawa na muuaji hajulikani, wakazi 50 waliapa kwamba hawakuua wala hawamjui aliyeua, na juu ya kiapo hicho wakalipa diya. (Sisi Mashafi tuna mpango mwingine, muulize maalim wako.) Yaani usalama wa njia ulikuwa deni la kila mwenye mlango unaoikabili njia ile. Serikali yetu ilipoanzisha Nyumba Kumi mwaka 2013, wengi tuliona ni jambo geni. Kumbe ni la zamani mno.

Lakini nisikufiche, hapa pia ndipo niliposita. Dhamana ile ile iliyowalinda watu ilitumika kuwafukuza. Majirani wakienda pamoja kwa kadhi wakasema fulani ni mtu mbaya, hatumtaki, aliweza kuhamishwa, na pengine ushahidi wenyewe ulikuwa ni ule umaarufu wake mbaya tu. Wanaume wasio na wake hawakutakiwa kwenye mitaa ya familia; walikaa kwenye nyumba za wageni na vyumba vya makapera karibu na masoko na bandari. Hebu fikiria, ndugu mwanafunzi unayesoma ukiwa kwenye chumba chako cha kupanga: mimi na wewe tusingepata pa kulala.

Turudi kwenye pesa, maana ndiyo iliyotuvunja sisi.

Kulikuwa na kodi iliyoitwa awaridhi. Mwanzo ilikuwa ya dharura, ya wakati wa vita, halafu, kama kawaida ya kodi, ikazoea ikawa ya kila mwaka. Serikali haikuhesabu kila nyumba peke yake. Nyumba kadhaa zilihesabiwa kama nyumba moja ya kodi, na mtaa ukadaiwa kwa jumla. Kwa hivyo jirani akifilisika, sehemu yake iliwaangukia wengine. Dawa waliyoipata ni wakfu wa mtaa. Mtu aliacha pesa taslimu, au duka, au nyumba ya kukodisha, akaandika mbele ya kadhi kwamba pato lake lilipe awaridhi ya majirani wasioweza. Wanawake wengi walikuwa miongoni mwa watoaji wa wakfu mjini humo. Na pato lile halikuishia kwenye kodi. Lilimtibu mgonjwa asiye na jamaa, lilimzika maskini, lilitengeneza bomba la maji na mawe ya njia.

Hapo kwenye pesa taslimu pakazuka mjadala mkubwa wa kielimu. Pesa za wakfu zilikopeshwa, mara nyingi kwa majirani wenyewe, na zikarudi na ziada ya kama kumi mpaka kumi na tano kwa mia, kwa kupitia mikataba ya mauziano iliyopangwa ili isiitwe riba. Je, pesa inaweza kuwa wakfu, na wakfu ni kitu cha kudumu? Na ziada ile ni halali kweli? Çivizade, mmoja katika maulamaa wakubwa wa dola, alipinga na kwa muda jambo lile likazuiwa. Ebussuud Efendi, Sheikhul Islam kuanzia 1545 mpaka alipofariki 1574, akalitetea: alishika kauli za wanafunzi wa Abu Hanifa na desturi ya watu, akaonya kwamba ukizifunga wakfu hizi mambo mengi ya kheri yatakufa. Sheikh Birgivi, aliyefariki 1573, hakukubali hata kidogo na akaandika kitabu kizima cha kumjibu. Mimi kwa malezi yangu ya chuo nimeegemea upande wa Birgivi. Hata hivyo kila nikifikiria yule mgonjwa asiye na jamaa, namwelewa Ebussuud pia.

Pesa yenyewe ilishikwa na mutawalli, mara nyingi imamu mwenyewe au mtu waliyemkubali majirani. Hesabu yake ilikaguliwa kwa kadhi. Majirani waliomshuku walikuwa na njia: walikwenda mahakamani, daftari likafunguliwa mbele ya mashahidi, akionekana amekula akaondolewa, akionekana yuko sawa ikaandikwa hivyo na jina lake likasafishika. Jambo hili la mwisho nililisoma mara mbili. Babangu hakupata wa kumwandikia. Daftari lake halikufunguliwa na mtu hata mmoja siku ile. Watu walikuwa wamekasirika, na adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, kila mtu akaenda zake.

Kitu kingine kilichowakusanya watu wale kilikuwa moto. Nyumba nyingi za Istanbul zilikuwa za mbao, zimebanana, na moto mmoja uliweza kula mitaa kadhaa. Katika karne ya 16 ilitoka amri kwamba kila mwenye nyumba awe na ngazi ya kufikia paa na pipa la maji. Na alikuwako mlinzi wa usiku, bekchi, aliyelipwa na wakazi wenyewe. Alizunguka na fimbo nzito yenye ncha ya chuma akiigonga kwenye mawe ya njia, watu wajue yuko macho. Moto ukitokea upande wowote wa mji, alipita akiutangaza uko wapi.

Na ukifika mwezi huu mtukufu, ndugu msomaji, bekchi yule yule alichukua ngoma akapita kuwaamsha watu daku, akiimba mashairi mafupi milangoni, na wenye nyumba wakampa bakshishi yake. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu maktabani. Nilimwona mzee wetu na debe lake.

Ukitaka kuuona mtaa mmoja kwa karibu, yuko mwanahistoria Mturuki, Cem Behar, aliyechapisha mwaka 2003 kitabu kizima juu ya mtaa mdogo uitwao Kasap İlyas, yaani Ilyas mchinjaji, karibu na gati la Davutpaşa upande wa bahari ya Marmara. Huko tajiri na mchuuzi walikuwa majirani. Karne ya 19 walianza kufika wahamiaji kutoka mji wa Arapgir, mashariki ya mbali, wakajibanza kwenye kiwanja cha jumba kubwa lililobomoka, wakawa wanauza mboga na matunda kwa kutembeza. Aliyetangulia alimvuta ndugu yake, akamwonyesha pa kulala na pa kununua bidhaa. Mtaa ukawameza. Kwa hivyo mlango haukuwa umefungwa kama sheria ilivyotaka. Aliyejulikana na mtu aliingia.

Mwaka 1829 Sultan Mahmud wa Pili aliwaondolea maimamu sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kila mtaa wa Istanbul uliwekewa mukhtari, mtu wa kawaida aliyeteuliwa kushika orodha ya wakazi na vibali vya kusafiri. Imamu akabaki na msikiti, ingawa muhuri wake uliendelea kutakiwa kwa mambo kadhaa. Jamhuri ya Uturuki ilifuta ofisi ya mukhtari mijini mwanzoni mwa miaka ya 1930, halafu ikairudisha mwaka 1944, maana hakuna aliyejua tena nani anakaa wapi. Mpaka leo wanachagua mukhtari wa mtaa kwa kura.

Insha niliiwasilisha, alama zikaja, Alhamdulillah. Lakini msomaji niliyekuwa namtaka alikuwa mwingine. Wiki ya kwanza ya Ramadhan hii, baada ya Tarawehe, nilimsomea babangu sehemu ya mutawalli na ya bekchi, nikimfasiria kwa Kiswahili. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Halafu akainuka, akateremsha daftari kutoka juu ya kabati, lile lile la mistari lenye jalada la buluu, akanionyesha ukurasa wa mwisho. Pampu imeandikwa, na fundi, na tarehe. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, liko jina la mlinzi na miezi yake miwili.

"Hii si pesa ya jumuiya," akasema. "Hii ni ya yule mzee, na jumuiya kufa hakuifuti."

Siku ya pili yake alikwenda mwenyewe kwa yule jirani, yule aliyesimama kwenye kikao, akamwachia daftari alikague nyumbani kwake. Sijui walizungumza nini mlangoni, lakini alikaa huko mpaka karibu na futari. Kikao kimeitishwa Jumamosi ya pili baada ya Idd, baada ya Alasiri, uani msikitini, na safari hii hata wapangaji wameitwa, ambao zamani hatukuwaita. Jambo la kwanza la kuzungumzwa ni deni la mzee. Ninayo namba ya mwanawe, na nimeshampigia kumwambia amjulishe.

Ramadhan Karim.