Sayyida Salme binti Said: Kutenganisha Kisakale na Ushahidi katika Maisha na Kifo Chake

1.0 Utangulizi

Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, husimuliwa kuwa binti wa Sultani aliyetoroka pamoja na mpenzi wake Mjerumani, akawafungulia Wajerumani mlango wa nchi, kisha akafa uhamishoni kwa majonzi. Insha hii inapima madai hayo matatu kwa ushahidi wa tarehe na mazingira ya vyanzo.

2.0 Kutoroka

Chanzo kinachotegemewa zaidi ni kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa Berlin mwaka 1886. Thamani yake ni kubwa, lakini kiliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani, na mwandishi wake alikuwa bado akidai urithi. Kuhusu mapenzi yake na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, kinasema machache. Pengo hilo ndilo lililojazwa na masimulizi.

Ukweli ni kwamba wapenzi hao hawakutoroka pamoja. Agosti 1866 Salme, akiwa mjamzito, aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akisaidiwa na mke wa Dkt. Seward, aliyekaimu ubalozi mdogo wa Uingereza. Ruete alibaki Unguja kukamilisha shughuli zake, akamfuata Aden mwaka uliofuata. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa na kuolewa siku hiyohiyo. Kwa hiyo, safari iliyohusishwa na Wajerumani iliwezeshwa na Waingereza.

3.0 Lawama ya Ukoloni

Dai la pili ndilo zito zaidi. Ni kweli kwamba Agosti 1885 Salme alirejea Unguja chini ya ulinzi wa Wajerumani, wakati manowari zao zilipokuwa zikimshinikiza nduguye, Sultani Barghash. Hata hivyo, Carl Peters alikuwa amekwisha kukusanya mikataba ya Usagara na maeneo jirani mwishoni mwa 1884, na Kaizari alitoa hati ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885. Tokeo haliwezi kutangulia chanzo chake. Bismarck aliutumia urithi wa Salme kama turufu. Sultani alipokubali matakwa ya Wajerumani, turufu hiyo ilipoteza kazi. Salme aliondoka bila urithi aliokuwa akiudai.

Suala hili haliihusu Unguja pekee. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalichora mpaka kutoka mto Umba hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, katika latitudo ya digrii 1 kusini. Lamadi, katika mkoa wa Simiyu wa leo, ipo kusini mwa mstari huo, hivyo ikaangukia upande wa Wajerumani. Kuieleza hatima ya wakazi wa ufuko huo kwa mapenzi ya mwanamke mmoja ni kuwaondolea dhamana waliochora mstari na waliotuma manowari.

4.0 Kifo

Heinrich Ruete alifariki mwaka 1870 kutokana na ajali ya tramu mjini Hamburg, akimwacha mjane na watoto watatu wadogo. Dhiki na upweke wa Salme vilikuwa vya kweli. Lakini maisha yake hayakuishia hapo: baada ya safari yake ya pili Unguja mwaka 1888, aliishi Jaffa na Beirut kwa takriban robo karne. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924 kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 79, na akazikwa Hamburg katika kaburi la mumewe.

5.0 Hitimisho

Mwelekeo huu una mifano kwingineko. Katarina wa Pili wa Urusi alitawala miaka 34 na kufariki kwa kiharusi mwaka 1796, lakini uvumi wa aibu kuhusu kifo chake umevuma kuliko habari za utawala wake. Katika hali zote mbili, siasa imegeuzwa kuwa habari ya chumbani. Kisakale cha Salme kinastahili kuhifadhiwa kama ushahidi wa jinsi jamii ilivyomhukumu. Hakistahili kutumiwa kueleza jinsi nchi ilivyotekwa.